Waya Mweusi wa Mashine ya Kupukuchua

Gereji, Makambako
Alhamisi, saa kumi jioni

Yusta,

Salamu utazipata kwa mama yako, yeye ndiye mwenye nazo. Mimi nina hasira, na nimeona heri niiandike kuliko kukumwagia kesho asubuhi stendi mbele ya makondakta na wauza mahindi ya kuchoma. Wewe uko nyumbani unafunga begi. Mimi nimejifungia gereji, nimekalia betri mbovu, daftari liko magotini. Kuna mteja wa pampu ya maji amegonga mlango mara mbili nikanyamaza. Akigonga ya tatu nitamtukana.

Sikuandikii habari za chandarua, wala za kuchemsha maji ya ziwa, wala usikose kanisani Jumapili. Hayo mama yako anayasema tangu Jumatatu na wewe unaitikia "ndiyo mama" bila kusikia. Mimi nina neno moja, na naliweka hapa mwanzoni nisije nikapata njia ya kulikwepa. Mkono wa mjomba wako Zakaria haukuondoka kwa kosa lako. Uliondoka kwa kosa langu. Miaka mitatu umeishi ukiamini ni wewe uliyefunga vibaya ule waya wa kuzimia injini, na mimi nimekutazama ukiamini hivyo, nikakaa kimya.

Basi, umeshalisoma. Ukitaka kuchana karatasi chana, lakini ningependa usome mpaka mwisho, maana kuna mambo ambayo bila mimi hutayapata kwa mtu mwingine yeyote.

Kwanza nimalize hasira yangu. Wewe ni mtoto wa namna gani, unahama kwa baba yako na baba anaambiwa na watu? Nilisikia kwa mama yako, tena akiwa anamenya viazi, hata kichwa hakuinua. Akasema Yusta anakwenda Lupingu, kaka amemwita, ana boti mbili injini zinamsumbua, anataka fundi wa kwake. Nikauliza lini. Akasema Ijumaa. Nikauliza kwa nini mtoto hajaniambia mwenyewe. Akasema, muulize. Sikukuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Humuagi mtu ambaye miaka mitatu anakugombeza kila asubuhi.

Na hasira nyingine ni ya huyo unayemwendea. Namchukia mjomba wako. Usishtuke, soma. Namchukia kwa wema wake. Kila Jumapili anapiga simu, na kabla hajamsalimia dada yake anauliza, "Fundi wangu hajambo?" Fundi wake ni wewe. Kila gari linalopanda kutoka Ludewa linaleta mfuko wa dagaa wake, na mama yako anawakaanga, na mimi nasema tumbo langu haliwataki. Mama yako anadhani ni kiburi. Wewe unadhani ni dharau kwa ukoo wa mama yako. Tumbo langu halina shida yoyote, Yusta. Ni kwamba nikimtazama yule dagaa naona mtu aliyewaanika kwa mkono mmoja.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, maana ubaya huu haukuanza Jumamosi ile.

Nilipoanza kazi hii ya injini ndogo nilikuwa nimetoka kwenye malori. Miaka sita nililala chini ya malori hapa hapa Makambako, yale yanayopumzika yakielekea Zambia. Kwenye gari, ukigeuza ufunguo unapeleka umeme kwenye koili, ndipo plagi inapiga cheche. Usipopeleka umeme, gari limelala. Hicho ndicho nilichokuwa nakijua. Mtu mmoja akaniletea injini ndogo ya petroli, ya kwanza kuishika maishani mwangu, akataka niifungie ufunguo na stata. Stata niliiunga vizuri. Kisha nikaona waya mweusi umetoka kwenye koili, unaning'inia. Nikasema, huyu anataka umeme. Nikaupa umeme wa betri. Koili ikaungua hapo hapo, harufu ikajaa kibanda kizima.

Mwenye injini akauliza kulikoni. Nikamwambia koili imekuja mbovu kutoka dukani. Akaenda kumvaa mwenye duka, mzee wa watu aliyekuwa hana hili wala lile, wakatukanana mpaka wakaacha kusalimiana. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na bisibisi yangu mkononi. Nilikuwa kijana, sijamwoa mama yako bado. Nikaona kwamba ukisema kwa sauti kavu, kosa linaweza kuhama kutoka kwako likaenda kukaa kwa mwingine, na wewe ukala chakula chako jioni kama kawaida. Nilijifunza siku moja na stata na uongo.

Hilo sikukusimulia. Nilipokufundisha nilikwambia tu, waya mweusi usiupe umeme. Ukaniuliza kwa nini. Nikakwambia fanya unavyoambiwa. Wewe hukuridhika, ukaenda kuhangaika na vitabu vyako vya chuo cha VETA, ukarudi ukaninyooshea mambo mimi mzee wa kazi. Ukasema injini hizi zinajitengenezea cheche zenyewe kwa sumaku iliyo kwenye gurudumu, mradi linazunguka. Waya mweusi kazi yake si kuwasha, ni kuzima. Ukizima ufunguo, unaugusisha ule waya na bodi ya injini na cheche inakufa. Kwa hiyo waya ukichomoka, injini itawaka vizuri sana, ila haitazimika. Ulikuwa na miaka kumi na saba, umechuchumaa hapo mlangoni unanichorea kwenye vumbi kwa kijiti. Nilikuonea wivu. Mtu mzima na binti yake wa kuzaa, nikakuonea wivu, na siku ile nilikutuma maji mara tatu bila sababu.

Mjomba wako alipopanda kutoka Lupingu kuja kutafuta kazi huku, alishikwa na baridi yetu ikamtesa. Unakumbuka lile koti lake la kijani, la mikono mipana, alilala nalo na kuamka nalo. Alipata kazi ya kulisha mahindi kwenye mashine ya kupukuchua, ile inayotembezwa shamba hadi shamba. Asubuhi za mwezi wa saba vidole vilikuwa vinakufa ganzi, kamba ya kuwashia hawezi kuivuta. Akaja hapa, akakuomba wewe, hakuniomba mimi. Akasema, "Mjomba, nifungie ufunguo kama wa gari, baridi ya kwenu itaniua." Ukamfungia, siku mbili tu. Stata, betri, waya mnene, ufunguo kwenye kisanduku chake. Kile kitufe cha zamani cha kuzimia ukakiondoa kwa sababu ufunguo sasa unafanya kazi yake, na ilikuwa sahihi kabisa. Waya mweusi uliupitisha chini ya tenki, ukaufunga kila baada ya shubiri. Nilikagua nikitafuta pa kukukosoa, sikupata. Nikakwambia umetumia tepu nyingi.

Sasa Jumamosi ile.

Wewe ulikuwa Njombe, nilikutuma plagi na mikanda. Mwenye mashine akanipigia simu, yuko shambani upande wa kwenda Njombe, injini imegoma, manyunyu yanadondoka na watu wamejipanga na magunia yao. Nikapanda bodaboda. Nimefika tu, hata salamu yangu ya "kamwene" hajaiitikia, akasema mbele ya watu wote, "Injini hii ilikuwa nzima mpaka binti yako alipoitia mikono."

Maneno yale yaliniingia. Kama ningekuwa baba wa kweli yangeniingia kwa ajili yako, ningesema mwanangu hakosei hovyo, ngoja niangalie. Yaliniingia kwa ajili yangu. Niliona wananicheka mimi, fundi niliyemwachia mtoto wa kike kazi.

Nikainama, na tatizo nililiona haraka. Boliti ya tenki ilikuwa imekatika, na wao wenyewe wakalifunga tenki kwa waya wa seng'enge. Seng'enge ikawa inasugua waya wako mweusi mpaka ikala ngozi yake. Shaba iko nje, imelowa, inagusa bodi, kwa hiyo cheche inakufa kabla haijazaliwa. Si kosa lako hata chembe. Dawa yake ni kufungua tenki, kubadilisha waya, kuufunga upya. Saa nzima, kwenye manyunyu, na watu wanatazama.

Sikutaka saa nzima. Nilitaka injini ingurume pale pale. Nikafungua kisanduku cha ufunguo, nikalegeza skrubu yako, nikauchomoa waya mweusi, nikauvuta mpaka pale palipochubuka pakaachana na bodi, ncha yake nikaizungushia tepu, nikaukunja ndani. Watu walikuwa nyuma yangu, walichoona ni mgongo. Nikageuza ufunguo mara moja tu, injini ikawaka. Wakashangilia. Na mimi nikafuta mikono nikamwambia mwenye mashine kwamba nimesharekebisha makosa ya binti yangu.

Soma tena hapo. Mjomba wako alikuwa bado mzima, mikono yake yote miwili, amekwenda mjini kufuata petroli, na mimi tayari nimeshakuuza.

Ufundi huo wa kuchomoa waya mweusi mafundi wengi wa huku wanaufanya msimu wa baridi, unaujua. Anachomoa, anamwambia mwenye injini, ukitaka kuzima tumia choki mpaka nije na waya mpya. Ni uvivu, lakini angalau anasema. Mimi sikusema. Ningesemaje kwamba nimerekebisha na wakati huo huo niseme msizime kwa ufunguo? Nikajiambia jioni nitarudi na waya, nitaufunga kimya kimya. Na usije ukasema ni pombe ya ulanzi. Siku ile sikuwa nimegusa hata bilauri moja.

Injini haikuzimwa tangu nilipoiwasha. Mjomba wako alirudi na petroli yake, akashika nafasi yake kwenye mashine na lile koti. Haikupita saa. Mkanda ukadaka mkono wa koti. Mwenzake aliyekuwa upande wa ufunguo alifanya kile ambacho kila mtu angefanya, akazima. Injini ikaendelea. Akawasha akazima tena, akageuza mpaka ufunguo ukapinda. Ndipo akakumbuka choki, na choki iko upande wa pili. Kilichofuata unakijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekaa naye hospitali mpaka Jumapili asubuhi.

Mimi Jumamosi jioni nilikuwa shambani. Mwenye mashine alitaka injini iondoke machoni pake. Watu wakaniuliza, wewe si ulikuja asubuhi? Nikasema makosa niliyorekebisha yalikuwa ya plagi tu, niliisafisha. Wakauliza, mambo ya ufunguo alifunga nani? Nikasema Yusta. Na hapo sikudanganya, ni wewe uliyefunga, kila mtu alikuwa anajua. Kisha, kabla ya kuipakia injini kwenye guta kuileta hapa gereji, nilifungua kisanduku, nikabandua ile tepu kwenye ncha ya waya, nikaitia mfukoni. Skrubu nikaiacha imelegea kama nilivyokuwa nimeiacha. Ukitaka kujua baba yako ni mtu wa aina gani, usiangalie asubuhi, asubuhi nilikuwa mjinga mwenye haraka. Angalia hapo kwenye tepu. Hapo nilikuwa na akili zangu zote.

Ukaja kutoka hospitali bado una damu ya mjomba wako kwenye kanga. Hukukaa, hukunywa hata maji. Ukafungua kisanduku, ukaona skrubu imelegea na waya umelala pembeni. Ukasema, "Sikuikaza, baba. Ni mimi." Nilikuwa nimesimama karibu na wewe kuliko mlango huu ulivyo na mimi sasa. Tepu ilikuwa bado iko mfukoni. Nikakushika bega nikakwambia usiseme na watu, mambo ya ukoo yataisha kwenye ukoo. Ukalia ukanishukuru. Sijui kama unakumbuka kwamba ulinishukuru.

Mama yako hakukupiga wala hakukutukana. Zakaria ni mdogo wake wa mwisho, alimlea mgongoni. Alikuwa anakupakulia chakula, anaweka sahani, anaondoka bila kukutazama. Iliendelea hivyo mpaka mahindi ya mwaka ule yakaisha. Mimi nilikuwa nakula meza hiyo hiyo. Ningeweza kusema kati ya tonge na tonge. Sikusema, na kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu, mpaka ikafika mahali nikawa nakukasirikia wewe. Ndiyo, wewe. Kwa sababu uliniamini haraka mno. Fundi mzuri kama wewe, hukujiuliza hata mara moja nani mwingine alifika kwenye ile injini.

Tangu hapo kila injini ukimaliza unaiwasha na kuizima mara tano. Nimekugombeza kwa hilo mbele ya wateja, nikasema unamaliza betri, nikasema unanitia aibu, siku moja nikakunyang'anya ufunguo mkononi. Hukuwa unamaliza betri yoyote. Kila ulipozima na injini ikazimika, nilikuwa nauona uso wako unavyopumua, na sikuweza kuvumilia kuuona. Ndiyo sababu ya kelele zangu zote za miaka mitatu. Wateja wanasema baba Yusta amekuwa mkali siku hizi. Basi huo ndio ukali wenyewe.

Kama ni lazima nikupe kitu cha kwenda nacho Lupingu, nakupa aibu yangu, uijue ilivyo. Utakosea huko, usidhani hutakosea. Injini ya boti ni injini, na ziwa halina subira. Siku utakayokosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujanawa mikono. Ukilala na kosa siku moja utaamka limeota maneno, na maneno hayo utayapenda, yatakuwa yanakusifu. Mimi ya kwangu niliyapanga vizuri sana. Nilijiambia Zakaria alivaa koti pana. Nilijiambia mwenye mashine ndiye aliyefunga seng'enge. Yote kweli, na hakuna hata moja lililokuwa linanihusu.

Leo saa sita mchana nimempigia mjomba wako.

Nilikuwa nimepanga kukutuma wewe ukamwambie. Niliandika hata mwanzo wa barua hiyo, "mfikishie mjomba wako kwamba". Nikaona hapana, nitakuwa nimekubebesha tena. Nikapiga. Akapokea kwa furaha, akadhani nauliza safari. Nikamwambia yote, tangu boliti mpaka tepu, sikuvuta pumzi. Nikasikia watu nyuma yake wanabishana juu ya nyavu. Kisha akasema taratibu, "Shemeji, mimi nilimsamehe Yusta siku ile ile, bado niko kitandani. Kumbe nilimsamehe mtu asiyenikosea. Wewe sijakusamehe, na sijui kama nitaweza."

Nikasema nimesikia. Akasema mtoto aje, atakupokea mwenyewe ukishuka, na mimi nisikanyage kwake. Kisha akakata. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu miaka mitatu kwa kutonikasirikia, na leo amenikasirikia ndiyo kwanza nimeweza kupumua.

Bado mama yako. Barua hii nitakupa mkononi leo, kabla ya chakula. Isome uani, peke yako. Ukimaliza ingia ndani. Utanikuta nimekaa na mama yako, na nitamwambia mbele yako. Nimeandika kwanza kwa sababu najijua, mdomoni mambo yangu hubadilika njiani. Kwa hiyo nisikilize kwa makini, na nikiruka lolote, nikisema waya "ulichomoka" badala ya "niliuchomoa", nikatize. Usinionee haya. Fungua karatasi hizi umsomee mama yako kwa sauti, kuanzia pale kwenye Jumamosi. Ndivyo ninavyotaka, na ni amri ya mwisho ninayokupa ukiwa chini ya bati langu.

Wala usije ukanisamehe kesho stendi kwa sababu basi linaondoka na watu wanatazama. Sitaki huruma ya haraka haraka. Kama utakaa mwaka bila kunipigia, kaa. Nitakasirika, nitamwambia mama yako kwamba umekuwa na kiburi, unanijua. Usinijali. Panda basi, pitia Njombe, shuka Ludewa, teremka mpaka ziwani, ukafanye kazi yako kwa mtu anayekuita fundi tangu zamani.

Nimebakiza moja. Wiki ya pili baada ya ile ajali tulikuwa wawili tu hapa gereji, upepo unapiga bati. Ukaacha kazi ukaniuliza, "Baba, wewe unaujua mkono wangu. Kweli naweza kuacha skrubu bila kuikaza?" Nikakujibu bila kuinua macho kwamba kila fundi husahau. Ukaitikia kwa kichwa, ukarudi kwenye kazi, hukuuliza tena mpaka leo.

Jibu ni hili. Jumamosi ile, kwenye yale manyunyu, skrubu yako ilinikatalia. Bisibisi ya kwanza iliteleza ikanichana kidole gumba. Nikachukua ile kubwa, nikaweka goti kwenye fremu ya injini, nikakandamiza kwa mikono miwili, nikaitukana, ndipo ikalegea. Uliikaza, Yusta.

Baba yako